Sadaka au Mkopo?

Maskini akija mlangoni petu, tumtendee nini? Wengi watajibu: tumpe sadaka. Ni jibu jema, maana mwenye njaa hawezi kungoja. Lakini yuko mwingine: ana mikono ya kufanya kazi, ila amekosa mbegu, au feza ya kumtibu mtoto. Je, tunamheshimu kwa kumpa bure, au kwa kumkopesha na kumwamini?

Mwaka 1897 Alphonse Desjardins alikuwa karani katika bunge la Kanada. Kazi yake ni kuandika maneno ya wasemaji. Siku moja akasikia habari ya mtu wa Montréal aliyekopa dola 150, na mahakama ikamwamuru kulipa riba ya dola 5000. Habari hiyo ilimchoma moyo. Akajifunza namna wakulima wa Ujerumani walivyoungana na kukopeshana katika vyama vya Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Halafu, tarehe 6 Desemba 1900, akakutanisha watu wa mji wake wa Lévis, katika Québec, wakaanzisha sanduku la akiba na mikopo. Lilipofunguliwa, tarehe 23 Januari 1901, mtu wa kwanza aliweka senti 10. Siku ile zilikusanyika dola 26 na senti 40 tu.

Tusicheke. Hisa moja ilikuwa dola 5, na mtu aliweza kuilipa senti 10 kila juma. Mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja, kila mmoja alikuwa na kura moja. Sanduku lilikopesha wanachama tu, watu wanaojuana. Wakauliza: huyu ni mwaminifu? Anataka feza kwa kazi gani? Hivyo aliyekopa hakuwa mwombaji. Jana aliweka senti zake zikamsaidia jirani. Leo senti za jirani zinamsaidia yeye. Kwetu Kongo nasi tunaijua njia hiyo: katika likelemba kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapokea kwa zamu yake.

Lakini kumwamini mtu kuna gharama. Desjardins alipokuwa kazini Ottawa, mke wake Dorimène ndiye aliyeangalia sanduku nyumbani mwao. Kabla ya mwaka 1906 hapakuwa na sheria ya kulinda chama. Kama hasara ingetokea, mali ya jamaa yao ingeweza kupotea. Dorimène aliogopa, naye akaendelea. Atoaye sadaka anajua mwisho wa gharama yake. Amwaminiye jirani haujui.

Basi, na mkopaji ana wajibu gani? Tukikopa kwa tajiri, pengine tunasema moyoni: huyu ana nyingi, hata nikichelewa hatalala njaa. Katika sanduku la ushirika neno hilo ni uwongo. Feza ile ni ya mjane aliyejinyima juma kwa juma. Asiyelipa kwa uvivu, au kwa sababu katibu ni shemeji yake, anamwibia mjane, hata kama hakuvunja mlango wa mtu.

Mwingine atasema: Mkristu asamehe madeni. Ni kweli, asamehe lililo lake. Lakini wasimamizi wa sanduku wakisamehe deni kwa kupenda kusifiwa, wanatoa ukarimu kwa mali ya wengine. Hiyo si huruma. Aliyepatwa na ugonjwa au mvua mbaya aje mapema, aseme wazi, apewe muda; hiyo ni haki yenye huruma. Wenzake wakitaka kumsaidia zaidi, kila mmoja afungue mfuko wake mwenyewe.

Kwa hiyo tusigombanishe sadaka na mkopo. Mwenye njaa apewe chakula leo. Lakini mwenye nguvu tumwambie: keti pamoja nasi, weka senti yako, piga kura yako, na neno lako tutalipokea kama rehani. Naye, akiisha kupokea, akumbuke ni mikono ya nani iliyokusanya.