Beto ya saa sita

Bamba lile la beto lilipasuka usiku, kabla hata chukudu moja, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, haijapita juu yake.

Mwenye kiwanja alitaka mahali pa kupakilia kabichi na viazi, kando ya barabara ya Goma–Rutshuru, hapa Kibumba. Urefu mita 12, unene sentimita 15. Fundi wake hakuiba simenti wala hakuzidisha maji. Alikosea saa tu. Alimaliza kumwaga saa sita, jua liko utosini.

“Papa, tukate viungo leo?” msaidizi akauliza.

“Acha. Beto bado mbichi. Kesho.”

Simenti ikishika maji hutoa joto lake yenyewe, na joto hilo hupanda saa chache baada ya kumwaga. Siku ile lilipanda jua likiwa bado kali. Bamba likagandia humo, kati ya moto wa ndani na moto wa juu, na kila digrii iliyoshuka baadaye ikawa ya kulisinyaza. Kisha ukaja usiku wa Kibumba, na baridi ya mlima Mikeno ambayo wageni huisikia mifupani.

Zege, yaani beto, husinyaa takriban sehemu 10 katika milioni kwa kila digrii. Likipoa digrii 20, bamba la mita 12 linadai kupungua milimita 2.4. Utasema ni kidogo. Lakini chini limeng'ang'ania makoro, mawe ya lava, haliwezi kuteleza. Juu uso unapoa kuliko tumbo. Na zege la usiku wa kwanza halijui bado kuvumilia kuvutwa. Litapasuka tu. Msumeno wa kukata viungo kazi yake ni kulichagulia mahali: mkato wa robo ya unene, kila mita tatu au nne, mara linapokuwa gumu kiasi cha kutomeguka. Kwa beto ya saa sita, hiyo ni jioni ile ile.

Alfajiri ufa ulikuwa umelikata katikati, na mwingine ukienda kombo. Fundi akalaumu simenti.

Namheshimu, lakini somo lilikuwa chini ya miguu yake. Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ilipoikata barabara hii hii, ganda la lava lilikuwa gumu na jeusi juu, ndani bado moto, na kadiri lilivyopoa likazidi kupasuka. Hatukuhitaji msumeno pale.

Marekani wana programu, HIPERPAV: unaipa saa ya kumwaga, unene, aina ya simenti na hali ya hewa, inakukadiria mkazo na nguvu ya bamba kwa saa 72 za kwanza. Sisi tunaweza kuanza na kipimajoto, magunia mabichi ya kufunikia, na kumwaga alasiri, ili joto la simenti lipande jua likishazama. Msumeno ufuate, hata kwa taa.

Ufa ule umezibwa mara mbili, na mara zote mbili umefunguka. Kabichi sasa zinapakiwa upande mmoja tu.