Vyuma vya Jeneza Juu ya Kitanda Changu



Mwaka jana, kwa muda wa miezi mitatu, nilitundika juu ya kitanda changu vyuma viwili vilivyotoka kwenye jeneza la msikiti mmoja wa Buyenzi. Ni pete nene za chuma ambazo fundi wa zamani alizivika kwenye ncha za miti ya kubebea ili isipasuke. Kwa ndani zimeshika kutu. Kwa nje ni laini na zinang'aa, kwa sababu ya viganja vya watu waliozishika miaka mingi wakielekea makaburini.

Nilizipata kirahisi. Seremala alikuwa anabadilisha miti ya jeneza lile, na pete zilikuwa chini pamoja na vipande vya mbao. Tangu sekondari nakusanya vitu vya kale: sarafu za wakati wa Wabelgiji, funguo, taa za chemli. Nikamwomba. Akasema, "Chukua tu, kijana, ni takataka hizo."

Mwenzangu wa chumbani hakupendezwa. Nilimjibu kwa hoja niliyoiona nzito: Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanatukumbusha Akhera, nami nimeuleta ukumbusho huo hadi chumbani. Ubaya uko wapi?

Tena sikuwa peke yangu. Huko Ulaya na Marekani wapo wanaokusanya vishikio na vibao vya kale vya majeneza. Mjini Birmingham, Uingereza, kiwanda cha Newman Brothers kilichojengwa mwaka 1894 kilitengeneza vyuma hivyo hadi mwishoni mwa karne iliyopita, vikiwemo vya jeneza la Winston Churchill. Tangu mwaka 2014 ni jumba la makumbusho. Wanaovipenda vitu hivyo huzisoma alama zake: msalaba, malaika, maua, mwenge uliogeuzwa chini kuonyesha uhai uliozimika. Kibao cha jina na kishikio kizito vilisema pia daraja la marehemu. Kisha vyote vilifukiwa, na hakuna aliyeviona tena.

Hapo ndipo nilipoanza kuona tofauti. Kwa majirani zetu Wakristo, jeneza ni sanduku linaloshuka kaburini pamoja na mwenyewe. Kwetu ni kitanda cha kubebea. Maiti huteremshwa kwa sanda yake, na jeneza hurudi msikitini tupu, likamsubiri mwingine. Halina jina la mtu wala alama ya cheo. Mfanyabiashara mwenye magari na mchukuzi wa mizigo sokoni hubebwa juu ya mbao zilezile, na anayeshika mti leo hajui kama kesho atakuwa juu yake. Ikiwa jeneza letu lina alama, alama yenyewe ni huko kurudi kwake. Tumefundishwa kwamba maiti hufuatwa na watu wake, mali yake na amali zake, kisha viwili hurudi na amali hubaki. Jeneza hurudi na hao wanaorudi.

Sasa pete zangu zilikuwa zinarudi wapi?

Pwani ya Waswahili imewahi kuulizwa swali hili. Wazee wa Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, na wa Mambrui, karibu na Malindi, walipachika mabakuli ya kauri kutoka China kwenye makaburi ya nguzo. Tunaweza kujadili kama ilifaa kuyapamba makaburi hivyo, kwa kuwa hadithi zinazokataza kuyajengea zinajulikana. Lakini katika makaburi mengi ya pwani leo utakuta mashimo matupu ya duara mahali pa mabakuli. Mtu aliyabandua kwa sababu aliona kauri nzuri, hakuona kaburi.

Huko huko pwani ya Kenya, Wamijikenda husimamisha vigango, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka wazee wao waliokufa. Vigango vingi viliibwa, vikauzwa kwa watalii na wakusanyaji, vikaishia katika majumba ya makumbusho ya Marekani. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudishwa mwaka 2007, baada ya picha iliyopigwa kabla ya wizi kuthibitisha vilikotoka. Sisi hatuna itikadi ya vigango. Lakini dhuluma haipungui kwa kuwa aliyedhulumiwa si wa dini yako. Aliyekinunua kigango akakiita sanaa alikuwa na macho mazuri, na bado alikuwa ameshika mali ya watu wenye msiba.

Nilipomweleza ustadhi wetu, nilitarajia aniambie ni haramu au ni halali kutundika kitu cha maiti. Yeye aliuliza jambo moja: "Jeneza lile ni la nani?" Nikasema ni la msikiti. "Basi ni wakfu. Seremala alikupa kitu kisicho chake. Kitu cha wakfu kikichakaa, manufaa yake hurudi kwenye wakfu, hayaendi kwa mpita njia."

Jibu hilo lilitosha kisheria. Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia, nami nalisema hapa kwa aibu. Wiki ya kwanza nilizitazama pete zile nikaogopa kifo. Wiki ya pili nilizipiga picha nikawatumia rafiki zangu, nikahesabu waliosifu. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa natundika taulo juu yake. Hoja yangu ya ukumbusho ilikuwa imekufa, na sikuiona ikifa. Chuma kile kilikumbusha kifo kilipokuwa kazini, kikiwa mkononi mwa mtu aliyelemewa na uzito wa jirani yake. Ukutani kwangu kilinikumbusha tu kwamba nina kitu ambacho wengine hawana.

Sisemi kila anayehifadhi vitu vya kale anakosea. Jumba la makumbusho lililopata kitu kwa ridhaa ya wenyewe, likawafundisha vijana jinsi wazee wao walivyozikana, linafanya kheri. Nisingependa historia ya Waislamu wa Burundi ipotee jaani. Ila anayehifadhi kwanza aulize kitu ni cha nani, kisha ajiulize kwa ukweli anamhifadhia nani.

Nilizirudisha siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mzee anayetunza msikiti, kuhusu umri wake na kazi ya fundi wa zamani. Alizipokea, akazipima kwa mkono, akasema, "Zitafaa siku moja," akazitia kwenye kopo la misumari na skrubu kuukuu. Niliumia. Nilitaka angalau aziweke mahali pazuri. Nikiwa njiani kurudi Mutanga bado nilikuwa nafikiria kopo lile, na ilinichukua muda kukiri kwamba sikuwa namhuzunikia maiti yeyote.

Wallahu a'lam.