Wazo la Leo: Swali la Trelawny

Julai 8, 1822, mshairi Mwingereza Percy Shelley alitweka tanga kutoka Livorno, Italia, akiwa na wenzake wawili. Dhoruba ikashuka, hawakufika. Siku kadhaa baadaye rafiki yake Edward Trelawny, naye baharia, aliitazama maiti ya Shelley ufukweni: uso umeliwa, ila mfukoni kimo kitabu cha mshairi Keats. Mashua ilipoopolewa, ubavu wake ulikuwa umevunjika. Ni bahari, au iligongwa na wezi? Upepo haushtakiki, na nadhani ndiyo maana Trelawny hakuacha kutafuta mtu. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mzee wa mvi, aliliandikia gazeti la Times kuhusu baharia aliyedaiwa kuungama, akikata roho, kwamba walioigonga mashua hiyo alikuwa mmoja wao. Mimi siyaamini maungamo hayo. Yeye aliyaamini.