Rundo la Ziada

Mwaka 2022, mvua ilipotukosa msimu wa nne mfululizo hapa Kajiado, mjukuu wangu alinirudishia somo nililomfundisha mwenyewe kanisani. "Nyanya, ulisema Mungu hulisha ndege. Mbona hakumlisha Narok?"

Narok alikuwa ng'ombe wetu mweusi. Alikufa alfajiri ile.

Ningeweza kumwambia mtoto kwamba kazi ya Mungu haina makosa, nikaendelea na shughuli zangu. Lakini nyasi zilikuwepo. Tulikuwa tumenunua marobota ya Boma Rhodes, kila moja kama kilo 15, na ng'ombe wetu 11 walikuwa wakipata manne kwa siku. Kila asubuhi nilikata kamba, nikazitia mfukoni zisije zikamezwa, kisha nikamwaga nyasi zote mahali pamoja, katikati ya malisho yaliyogeuka vumbi. Wenye pembe walitangulia. Narok alipothubutu kuingiza kichwa, mwenzake mmoja mwekundu alimpiga ubavuni. Adhuhuri ndipo alipofika, akaokota mabua yaliyokwisha kukanyagwa kwenye mavi. Jioni nilihesabu marobota, na hesabu haikukosea hata siku moja.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nilitaka kumuuza yule mwekundu kwa hasira. Lakini ng'ombe hana dhambi. Anafuata njaa yake. Aliyekosa ni aliyemwaga.

Kesho yake nilitandaza marobota yale yale manne katika marundo 12, hatua kumi kati ya rundo na rundo. Ng'ombe walikuwa wamebaki 10. Mwekundu alimfukuza mwenzake. Aliyefukuzwa akakuta rundo lisilo na mwenyewe, akainamisha kichwa. Punde kondoo wa jirani angeweza kupita katikati yao asiguswe. Sikuongeza robota, wala sikumfundisha ng'ombe yeyote adabu.

Wiki ile ile lori la chakula cha msaada lilikuja, likashusha magunia yote mahali pamoja. Wenye punda na vijana wa kubeba tulipita mbele. Mama mmoja mzee, asiye na punda wala mwana, alirudi kwake na gunia tupu begani. Nilimwona. Nilikuwa nimekwisha kufunga mzigo wangu.

Mvua kwa nini haikunyesha, sina jibu, na hilo namwachia Mwenyezi. Ila nimekoma kumsingizia njaa ya aliyekufa karibu na chakula. Zamani niliomba aongeze. Siku hizi, kabla ya kuomba, najiuliza alichokwisha kutoa nimekimwaga wapi.

Mjukuu wangu nilimjibu baada ya siku tatu: "Mungu alimlisha Narok. Nyanya yako ndiye aliyemwaga vibaya."

Nawe unayegawa, iwe nyasi, unga au karo ya watoto, hesabu midomo kwanza, kisha ongeza rundo.