Pesa za Fundi na Swali la Dirishani

Mwajiriwa hapeleki mshahara benki. Mshahara humtangulia, unaingia kabla hajaamka, na hakuna anayemuuliza umetoka wapi. Aliyejiajiri hubeba pesa zake mwenyewe, pengine ndani ya begi la shule la mwanawe, akigeuka kila bodaboda inapopunguza mwendo. Noti yetu kubwa kuliko zote ni ya shilingi 10,000, kwa hiyo milioni 18 ni noti 1,800, mabunda 18. Hazikunjiki mfukoni.

Jirani yangu ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Mwaka jana alimaliza oda ya vitanda na makabati ya nyumba ya wageni, kazi ya miezi, na mteja akamlipa taslimu, milioni 18. Alipofika dirishani, binti wa benki akahesabu, akasita, kisha akamuuliza kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni: "Mzee, hela zote hizi umezitoa wapi?"

"Nimeuza vitanda, mwanangu."

Akatakiwa alete uthibitisho. Hakuwa nao, walikubaliana na mteja kwa mdomo, wakapeana mikono, kama ilivyo kwa kazi nyingi za mafundi wetu. Akarudi nyumbani na begi lake, na sasa foleni nzima ilijua kilichomo.

Swali lenyewe ni halali, nami nalitetea. Sheria yetu ya kuzuia utakatishaji wa fedha haramu ni ya mwaka 2006, na inaitaka benki imjue mteja wake na chanzo cha fedha anazoleta. Oktoba 2022 Tanzania iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia mambo haya, na haikutoka humo hadi Juni 2025. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huzitazama benki zake kwa shaka, na fedha zinazovuka mpaka huulizwa maswali zaidi. Kwa hiyo sina ugomvi na yule binti kwa kuuliza. Ugomvi wangu ni namna anavyouliza, mahali anapoulizia, na nani tunayeona anastahili kuulizwa.

Mwaka 2014 Bunge lilijadili zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta. Hazikuwa fedha za maseremala. Kila mwaka ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikitoka, hoja zilizomo ni za ofisi zenye mihuri, mikataba na slipu za mshahara. Lakini anayetiliwa shaka kwanza ni mwenye vumbi la mbao kwenye kucha. Hili linaniuma, kwa sababu linamwambia mtu kwamba jasho lake halitoshi kuwa maelezo.

Na fedheha huzaa mambo. Jirani yangu sasa anaweka kidogo kidogo: milioni mbili leo kwa wakala, tatu kesho kutwa katika tawi jingine. Anaamini amejikinga. Kumbe kukatakata fedha ili zisionekane ndiyo tabia ambayo watu wa benki hufundishwa kuiangalia kwa wahalifu. Mzee mwaminifu, kwa woga tu, anatembea mwendo wa mwizi. Taarifa yake ikipelekwa kwenye kitengo cha serikali kinachodhibiti fedha haramu, mfanyakazi wa benki anakatazwa na sheria kumdokeza, kwa hiyo hatapata hata nafasi ya kujieleza mapema.

Kuna woga wa pili, nao ni wa kodi. Mafundi wengi wanaamini kila kinachoingia benki kitahesabiwa kuwa ni chao chote. Zile milioni 18 hazikuwa zake zote. Humo mlikuwa na mbao za mninga alizokopa, vanishi, vitasa, ujira wa vibarua, na kirikuu kilichosafirisha makabati. Kilichobaki ndicho kilichomlisha yeye na wanawe miezi yote ile. Nani ataliona hilo kama halikuandikwa popote? Hapa nakuwa mkali kwa mafundi wetu pia. Nilimshauri anunue kaunta buku: jina la mteja, tarehe, advansi, bei ya mbao, salio, na sahihi mbili chini ya ukurasa. Alikataa. "Mteja ataona simwamini," akasema.

Nilimkumbusha jambo analolijua kuliko mimi, maana ni mtu wa msikitini. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikishana deni na kuweka mashahidi. Kama watu wa imani moja wameagizwa waandikishane, mwenye nyumba ya wageni atakasirika kwa nini? Alicheka, akanyamaza. Daftari amelinunua, ingawa sijui kama kila oda inaingia.

Benki nazo zina la kufanya, na wala si la gharama. Kiti na chumba cha pembeni vipo katika karibu kila tawi. Anayeleta mabunda 18 aulizwe akiwa ameketi, mlango umefungwa. Na wajifunze majira ya kazi za watu. Fundi cherehani hupata sehemu kubwa ya kipato chake cha mwaka kabla ya Idi na Krismasi, kisha Januari kwenye sare za shule. Mwenye mbuzi pale mnada wa Pugu huuza sana wiki ya Idi ya kuchinja. Meneja wa tawi anaishi mji huu huu, naye anayajua hayo. Akimfundisha yule binti wa dirishani, binti ataweza kuuliza, "Shikamoo mzee, safari hii umemaliza kazi gani?" na jibu atakalopewa litajaza sehemu ile ile ya fomu.