Je, Unga Huu Hauna Ngano?

Mgonjwa aliyekatazwa ngano na daktari anasimama mbele ya muuzaji wa unga wa ulezi mjini Tukuyu, anauliza kama umechanganywa na kitu. Muuzaji akajibu upesi, "Ni ulezi mtupu, usiogope," hali hakuwapo uliposagwa, twaona kwamba amejitwika mzigo asioujua.

Wapo watu, si wengi, ambao gluteni iliyomo katika ngano na shayiri huufanya mwili wao uushambulie utumbo wake wenyewe. Tiba yao ni kujiepusha na nafaka hizo maisha yote. Ulezi, mahindi na mchele kwa asili havina gluteni. Wala ndizi na viazi, ambavyo Rungwe imejaliwa tele. Lakini ulezi ukisagwa katika mashine iliyotoka kusaga ngano, hubeba vumbi lake, nalo jicho halilioni.

Muuzaji yule hakukusudia kudanganya. Alitaka kumridhisha mteja. Hata hivyo Amri ya Nane haituulizi nia peke yake. Mwenye kuulizwa habari ya afya ya mwenzake ni shahidi, na shahidi husema alilolijua. Angesema, "Sijui, tumwulize mwenye mashine," angepoteza labda kilo moja ya biashara.

Nyumbani jambo ni zito zaidi. Mgeni akisita mbele ya chakula, mwenyeji huhisi amedharauliwa yeye. Kwa hiyo wagonjwa wengine hula kwa adabu, wakaugulia kwao. Desturi ya ukarimu ni njema, nasi hatutaki ipungue. Lakini mama anayeulizwa, "Shikamoo mama, mchuzi huu umetiwa unga gani?" hakutukanwa. Ameaminiwa.

Kanisa nalo limeulizwa swali hilohilo. Mkate wa Ekaristi sharti uwe wa ngano tupu, ndivyo isemavyo kanuni ya 924. Roma ilifafanua mwaka 2003, ikakumbusha tena mwaka 2017, kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali, ila yenye gluteni kidogo yafaa. Na mlei asiyeweza hata hiyo aweza kukomunika katika umbo la divai peke yake. Basi mwenye kutunza sakristia, akiiweka hostia ya mgonjwa katika siborio moja na nyingine, amefanya lilelile lililofanyika mashineni.