Je, Ni Dhambi Kupanda Ua Wakati Mgao Umepungua?



Siku chache zilizopita wazee wawili wa kanisa walikuja kwangu na neno. Dada mmoja wa kwaya amepanda maua mbele ya mlango wake, mahali ambapo lingetosha tuta la lengalenga. Ninyi nyote mnajua hali yetu hapa Nakivale. Tangu mwaka 2023 mgao unatolewa kwa makundi ya uhitaji, na jamaa nyingi zimebaki na kidogo sana au zimeondolewa kabisa. Wazee wakasema: "Mchungaji, huyu ni mama mwenye watoto, naye anamwagilia kitu kisicholiwa. Mwambie aking'oe."

Niliwaomba wanipe wiki mbili. Sikuwa naogopa kusema. Ni kwamba ua lile lile nililing'oa mimi kwa mikono yangu, kule Musaga.

Wengi wenu mmeliona bila kujua jina lake. Majani ni marefu na membamba, yanatoka chini kwa fungu moja. Katikati linapanda bua lililonyooka, na juu yake vijiua vingi vimebanana kama mwenge. Vya juu ambavyo havijafunguka ni vyekundu. Vya chini vilivyokwisha kufunguka vinageuka manjano. Wataalamu huliita Kniphofia, kwa kumbukumbu ya Johann Hieronymus Kniphof, mwalimu wa utabibu na mimea huko Erfurt, Ujerumani. Jina ni la Kizungu, lakini mmea ni wa Afrika. Unapenda milima na nyasi zenye unyevu. Huko Tanzania, kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu na ambao ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 2005, unachanua bila kupandwa na mtu. Watoto wetu waliuita kinga cha moto, yaani kipande cha kuni kinachowaka.

Musaga iko kusini mwa Bujumbura. Nyumba zinapanda mlima, na Ziwa Tanganyika unaliona chini. Mwaka 2014 tulikuwa tumepanga huko nyumba ya vyumba viwili na uwanja mdogo. Mke wangu alipewa shina la ua hili na mama aliyetoka milimani. Akalipanda karibu na mlango. Kila jioni alilimwagilia maji aliyokwisha kuoshea mboga. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha Biblia si siku nyingi, nimejaa mafundisho ya uwakili mwema. Nikamwuliza, "Hilo utalichemsha?" Asubuhi moja nikashika jembe, nikaling'oa, nikapanda lengalenga.

Lengalenga ile tuliila, nayo ilikuwa tamu. Siwezi kuwadanganya kwamba haikutusaidia. Mke wangu hakusema neno. Aliokota kipande cha shina nilichotupa, akampelekea bibi jirani.

Mwezi wa nne mwaka 2015 maandamano yakaanza, na Musaga ilikuwa mojawapo ya mitaa iliyowaka. Usiku tulisikia risasi, mchana tulihesabu waliokimbia. Zamu yetu ilipofika tulitoka alfajiri, na watoto na mifuko miwili. Tukapita mbele ya nyumba ya yule bibi. Ua lilikuwa halijachanua, lakini majani yalikuwa mazima. Mke wangu alisimama akaliangalia, kisha tukaenda. Hakuna kitu kingine cha kwetu kilichobaki mahali pale kikiwa hai.

Sasa turudi kwenye swali. Wazee wetu si watu wabaya. Wanalo Andiko. Yakobo 2:15-16 anatuonya tusimwambie mwenye njaa maneno mazuri bila kumpa kitu. Ua linaweza kuwa neno zuri la namna hiyo. Mtoto akilala njaa, rangi nyekundu mlangoni haimshibishi.

Lakini tusome na Mwanzo 2:9. Mungu alipopanda bustani, aliotesha miti ya kupendeza macho na miti ya chakula, na macho ndiyo yanayotajwa kwanza. Adamu hakuwa malaika asiyekula. Alikuwa na tumbo na macho, na Mungu alivihudumia vyote viwili. Sisi tuliokimbia tumehesabiwa mara nyingi kama vinywa: jamaa hii vinywa sita, ile vinywa tisa. Wanaotuhesabu wanafanya kazi yao, maana bila hesabu hakuna mgao. Hatari ni sisi kuanza kujihesabu hivyo wenyewe kwa wenyewe, hata ndani ya kanisa.

Tena kuna yule mwanamke wa Marko 14:3-9, aliyevunja chupa ya marhamu ya thamani. Waliokuwapo walikasirika wakasema ni hasara, ingeuzwa maskini wakapewa. Siku hizi ninapoisoma habari hii naona jambo ambalo sikuliona chuoni. Marhamu ilikuwa ya mwanamke. Walionung'unika hawakutoa kitu. Ni rahisi kuwa mkarimu kwa maskini kwa kutumia mali ya mwingine.

Kwa hiyo mimi naona swali tusiliweke hivi: "Je, ua linaliwa?" Tuulize: "Linalipiwa na nani?" Kama linalipiwa na njaa ya mtoto, au na mtungi wa maji ambao mgonjwa alikuwa anaungoja, basi ni hasara kweli, na mwenye ua atubu. Lakini kama linalipiwa na jasho la mwenyewe, kwa maji yaliyokwisha kutumika, basi hilo ni toleo lake, na hakuna mwenye haki ya kulishikia jembe. Ua la mke wangu lililipiwa na mgongo wake mwenyewe. Mimi halikunigharimu hata tone. Nililing'oa kwa jina la uwakili, na kumbe nilikuwa nachukua kisicho changu.

Nilikwenda kwa yule dada na wazee wote wawili. Tulikuta matuta ya maharage na lengalenga nyuma ya nyumba, yamepaliliwa vizuri. Ua liko mbele, penye mawe, ambapo jembe haliingii sana. Tukamwuliza kwa nini. Akajibu: "Baba Mchungaji, nataka watoto wakiambiwa eleza kwenu, wawe na kitu cha kueleza." Mzee mmoja akainamisha kichwa. Akatokea ndege mdogo chozi, mwenye mdomo uliopinda, akanywa utamu wa ua, nasi tukanyamaza mpaka akaruka.

Kwa wanaotaka kulipanda: kwanza timiza tuta la chakula. Kisha tafuta mahali pa jua, penye unyevu lakini pasipotuama maji, kwa maana shina huoza. Usinunue mbegu, kwa mbegu unaweza kungoja miaka miwili au mitatu. Mvua ikianza, chimbua fungu lililokomaa, ligawanye, kila kipande kiwe na mizizi na majani. Acha hatua moja kati ya shina na shina. Bua likikauka, likate. Wala msilipike, si mboga. Fungu likiachwa miaka mingi bila kugawanywa hubanana na maua hupungua, kwa hiyo jirani akiomba, mpe.

Katika Zekaria 3:2 Yoshua kuhani mkuu anafananishwa na kinga kilichotolewa motoni. Alisimama mbele za Mungu na nguo chafu, na bado alivikwa mavazi mapya ya heshima, ingawa pengine angetosheka na mkate tu.

Yule dada alinipa kipande cha shina. Nikakipeleka nyumbani nimekifunga kwenye gazeti, nikamwomba mke wangu msamaha, miaka mingi baada ya kosa. Alikipokea, akakigeuza mkononi, akaniuliza: "Na hili, utalichemsha?"

Bwana awabariki, na kazi ya mikono yenu isipotee. Amina.